Sensa mbili za oksijeni kufa siku moja? Anza na fyuzi

Mwalimu mmoja wa sekondari, mkazi wa Arua, Uganda, ameniandikia hivi: "Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Premio ya sisi 1,500, injini ya 1NZ. Wiki ya pili sasa taa ya injini inawaka, gari linakula mafuta kuliko zamani, na asubuhi moshi unanuka petroli. Fundi wa hapa aliunganisha mashine ya kusoma hitilafu, akapata namba P0135 na P0141, akasema sensa za oksijeni zote mbili zimekufa, nitoe pesa aagize Kampala. Pesa aliyotaja ni karo ya mtoto. Spana ninazo na grisi siiogopi. Naweza kuzibadilisha mwenyewe nyumbani? Na zile za mtumba zinafaa?"

Mwalimu, kuzibadilisha unaweza. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye subira. Lakini hiyo karo usiitume Kampala kwanza, kwa sababu namba ulizoandika hazisemi kwamba sensa zimekufa. P0135 inasema njia ya umeme ya hita ya sensa ya kwanza ina hitilafu. P0141 inasema hivyo hivyo kwa sensa ya pili. Ni hita, Mwalimu, kile kipasha joto kilicho ndani ya sensa. Na hita mbili zinapozima kwa wakati mmoja, mimi hutafuta kitu kimoja kinacholisha zote mbili kabla sijaamini kwamba zimekufa pamoja.

Nikueleze sensa yenyewe inavyofanya kazi, ili utakapoishika ujue unashika nini. Ndani ya ile ncha yenye vitundu kuna kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platinamu. Upande wa nje kinaguswa na moshi, upande wa ndani kinaguswa na hewa safi. Tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili ndiyo inayozalisha umeme mdogo sana. Moshi ukiwa na petroli nyingi na oksijeni kidogo, unapata karibu volti 0.9. Hewa ikizidi, umeme unashuka hadi karibu 0.1. Kompyuta ya gari inasoma huo umeme, inapunguza au kuongeza petroli, na kazi hiyo haikomi muda wote unapoendesha, ili mchanganyiko ubaki karibu na kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Sensa ya kwanza, iliyo kabla ya katalaiza (wengine huita masega), ndiyo inayoongoza kipimo cha petroli. Ya pili iko baada ya katalaiza, na kazi yake kubwa ni kuangalia kama katalaiza bado inasafisha moshi.

Sasa, ile kauri ikiwa baridi haizalishi chochote cha maana. Inahitaji joto la nyuzi 300 na zaidi. Magari ya kwanza kufungwa sensa hii, Volvo za mwaka 1976 zilizotumia kazi ya Bosch wa Ujerumani, zilisubiri moshi wenyewe uipashe. Baadaye wakatia hita ndani yake ili iamke mapema na isilale gari linaposimama kwenye foleni. Hita ikikosa umeme, kompyuta inabaki muda mrefu ikimimina petroli kwa kukadiria, na ikikadiria humimina zaidi ili injini isizime. Harufu ya petroli asubuhi na ulaji wa mafuta ulioniandikia vinaendana kabisa na hita zisizowaka. Sensa yenyewe inaweza kuwa nzima, ila ina baridi.

Kwa hiyo anza hapa. Zima gari, fungua sanduku la fyuzi lililo chini ya boneti na lile la chini ya dashibodi. Kwenye mfuniko tafuta fyuzi iliyoandikwa EFI, au A/F, au yenye neno HTR. Majina yanatofautiana kati ya gari na gari, kwa hiyo chomoa moja moja na uzipime kwa multimita. Usitegemee jicho, maana nimeona fyuzi iliyopasuka uwembamba wa unywele ikadanganya watu watatu. Ukikuta imeungua, weka nyingine ya ampea zile zile. Hiyo nayo ikiungua, usiongeze ukubwa. Mahali fulani kuna waya ulioliwa ukagusa chuma.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Miaka iliyopita mteja aliniletea gari lenye namba hizi hizi mbili. Niliamini mashine, nikamwambia anunue sensa mbili mpya, akanunua, nikafunga. Taa ikarudi kabla hajafika nyumbani. Chanzo kilikuwa panya aliyeguguna waya nyuma ya betri, waya mmoja tu, unaopeleka umeme kwenye hita zote mbili. Nilimrudishia pesa ya ufundi wangu, lakini bei ya sensa ilikuwa imekwenda. Tangu siku hiyo sinunui sensa kabla ya kupima waya, na namwomba kila anayenisikiliza afanye vivyo hivyo.

Kipimo chenyewe hiki hapa. Injini ikiwa baridi, chomoa konekta ya sensa. Utaona waya nne. Kwa sensa za Denso, ambazo ndizo Toyota nyingi huja nazo, waya mbili nyeusi ni za hita, wa bluu ni wa ishara, na mweupe ni wa kurudisha. Kwa Bosch, mbili nyeupe ni za hita, mweusi ni ishara, na kijivu ni wa kurudisha. Rangi hizo ni za upande wa sensa. Upande wa gari zinaweza kuwa nyingine kabisa. Weka multimita kwenye omu, pima kati ya zile mbili za hita. Sensa ya kawaida ya Toyota ikiwa ya baridi hutoa omu kumi na kitu. Ile ya aina ya pili nitakayoieleza hapa chini hutoa omu chache sana, mbili au tatu. Mita isiposoma chochote, hita imekatika ndani na sensa hiyo imekwisha kweli. Ikisoma sawasawa, washa swichi bila kuwasha injini, halafu pima upande wa gari: mmoja kati ya waya za hita unapaswa kuwa na volti 12. Usipoupata umeme huo, tatizo liko kwenye fyuzi, relei au waya, na sensa haina kosa.

Angalizo moja tu: omu usipime kwenye waya wa ishara. Umeme wa multimita unaweza kuiumiza ile kauri. Na usitumie mita ya zamani ya mshale, tumia ya tarakimu.

Tuseme umepima, ukakuta hita imekatika kweli. Hapo ndipo tunanunua.

Toyota wana sensa mbili zinazofanana kwa sura kama mapacha. Moja ni ya oksijeni ya kawaida niliyoieleza juu. Nyingine ni ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo kompyuta yake inasoma mkondo wa umeme, haisomi ile volti ya 0.1 hadi 0.9. Nyuzi zao za kukazia kwenye bomba ni sawa, konekta inaweza kuingia, lakini ukifunga moja mahali pa nyingine gari halitapona. Njia ya kuzitofautisha ni namba ya spea iliyochorwa kwenye chuma au kwenye lebo ya waya: ikianza na 89465 ni ya oksijeni, ikianza na 89467 ni ya uwiano. Soma namba nzima iliyo kwenye sensa yako, ipige picha, na utume picha hiyo kwa muuzaji. Usimwambie tu "ya Premio". Premio ziko za sisi 1,500, 1,800 na 2,000, na hazitumii injini moja. Kutoka Kampala hadi kwenu ni karibu kilomita 500 kupitia Karuma. Kifurushi kinakuja na basi la usiku vizuri tu, lakini kukirudisha kwa sababu ya kosa la namba ni gharama na ugomvi.

Kuhusu za mtumba, jibu langu ni hapana, na sitaki kulipunguza makali. Sensa huchoka ndani, nje haionyeshi. Watengenezaji wa sensa zenye hita huzihesabia maisha ya karibu kilomita 160,000, na ile iliyotolewa kwenye injini iliyokwisha kutumika imekwisha tembea sehemu kubwa ya safari hiyo. Muuzaji wa Kisekka, soko la spea la Kampala, mwenyewe hana njia ya kukuonyesha imebakiza nini. Kununua mtumba mlango, taa au hata gea boksi ninakubali. Sensa, hapana. Na kama fedha inatosha moja tu, nunua ya kwanza, ile iliyo kabla ya katalaiza, kwa sababu ndiyo inayokula petroli yako. Ya pili inaweza kusubiri mshahara.

Kuna pia zile ziitwazo za gari lolote, zinazokuja bila konekta ukate na kuunga waya wako wa zamani. Zinafanya kazi, ila waya zake usizichomelee kwa risasi, zibane kwa viungio vya kubana. Sababu yake watu wengi hawaijui: sensa nyingi huvuta ile hewa safi ya ndani kupitia katikati ya nyuzi za waya. Ukiziba kwa risasi au ukijaza konekta grisi, umeiziba pua.

Sasa kazi. Kwenye 1NZ manifoldi ya moshi iko nyuma ya injini, upande wa ukuta unaotenganisha injini na abiria. Sensa ya kwanza utaifikia kwa kuinama juu ya injini na mkono mrefu, na mara nyingine ni rahisi zaidi kutoka chini. Ya pili iko chini ya gari. Kwa injini ya mstari mmoja kama yako hakuna mkanganyiko wa pande. Mwenye Harrier ya V6, yenye silinda za pande mbili, ndiye anayepaswa kujua kwamba upande wa kwanza ni ule ulio karibu na abiria.

Kabla hujalala chini ya gari nisikilize hapa. Nyua nyingi za nyumbani ni za udongo, na jeki ikikanyaga udongo inazama polepole bila kukuambia. Tandika ubao mpana na mnene chini ya jeki, weka mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, vuta breki ya mkono, kisha weka gari juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja, na usitumie matofali, yanapasuka ghafla. Tia na gurudumu la akiba chini ya ubavu wa gari. Watoto wasiwe karibu.

Jioni ya kuamkia kazi, nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu kwenye shina la sensa, pale nyuzi zinapoingia kwenye bomba. Yasifike kwenye konekta. Asubuhi rudia, halafu washa injini dakika nne au tano, nje, mahali penye hewa, kisha uzime. Chuma cha manifoldi kikipata joto kinatanuka na kulegeza kidogo kile kilichoshikana. Usifanye kazi kikiwa cha moto wa kuunguza, subiri mpaka uweze kukikaribia kwa glavu nene. Ondoa kichwa cha hasi cha betri.

Chomoa konekta kwanza. Ya sensa ya pili ndiyo huwasumbua watu. Kwenye Toyota nyingi waya wake hauishii chini, unapita kwenye tundu la sakafu lenye mpira na kuingia ndani, na konekta iko chini ya zulia karibu na kiti cha mbele. Nimemkuta mtu amevuta waya ule kutoka chini hadi ukakatika. Inua zulia, chomoa kwa ndani, sukuma mpira kutoka nje.

Spana ni namba 22. Ile boksi spana yenye ufa ubavuni wa kupitisha waya ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi hii, na gereji nyingi zitakuazima. Ukiikosa, spana ya ringi inaingia ukikata waya wa sensa ya zamani. Lakini usikate kabla hujashika mpya mkononi, umelinganisha namba, umbo la konekta na urefu wa waya. Ukishakata hakuna kurudi. Spana ya mdomo wazi iache, italiviringisha pembe la nati na hapo ndipo matatizo yanaanza.

Vuta kwa nguvu inayopanda taratibu, si kwa kushtua. Ikilegea robo mzunguko na kukaza tena, usiendelee kuilazimisha. Rudisha kidogo, nyunyizia mafuta, subiri, toa tena kidogo. Kwenda na kurudi namna hiyo kunaweza kuchukua nusu saa, na ni nusu saa ya thamani, maana sensa ikitoka na nyuzi za bomba utatafuta fundi wa kuchomelea na gharama itaipita ile ya sensa. Ikikataa kabisa, simama. Mpelekee fundi mwenye gesi aipashe joto shina la bomba. Hakuna aibu hapo.

Ikitoka, usiitupe. Iangalie ncha yake mchana kwenye mwanga, kwa sababu inakuambia ilikufaje. Masizi meusi makavu: injini inachoma petroli nyingi, au petroli yenyewe imechanganywa na mafuta ya taa. Majivu ya kahawia na kijivu: injini inakula oili. Unga mweupe: silikoni, na hii hutokea sana kwetu kwa sababu mafundi hufunga gasketi kwa gundi yoyote ya silikoni iliyopo, kumbe ziko ambazo mvuke wake unaipaka kauri na kuizima. Tafuta iliyoandikwa kwamba haidhuru sensa. Weupe wenye ukijani: maji ya rejeta yanaingia ndani ya silinda. Ukiona lolote kati ya hayo, sensa mpya nayo itakufa kifo hicho hicho usipotibu chanzo. Na nakusihi, kwa miezi michache hii achana na petroli ya chupa za kando ya barabara, hata iwe nafuu namna gani.

Kufunga ni kwepesi zaidi. Safisha nyuzi za tundu, kipimo chake ni M18 kwa 1.5. Sensa nyingi mpya huja zimeshapakwa dawa ya kuzuia kushikana, usiongeze nyingine. Zisizo na dawa zipake kidogo kwenye nyuzi tu, ncha isiguswe hata na kidole. Ikianguka kwenye saruji, ihesabu kuwa imekufa, kauri ile inapasuka. Iingize kwa vidole mizunguko kadhaa mpaka uhakikishe haijaingia mshazari, kisha kaza. Toyota wanataka karibu Nm 44. Bila spana ya kipimo, kaza mpaka uhisi washa (ile pete ya chuma ya sensa) inabanwa na kukamata, halafu ongeza kidogo na uache. Konekta iunganishe mwisho kabisa. Ukiiunganisha mapema waya utajinyonga kadiri unavyozungusha. Rudisha waya kwenye vibanio vyake vyote. Waya unaoning'inia ukagusa bomba utayeyuka ndani ya wiki, na kwenye barabara za moramu jiwe moja linatosha kuukata.

Rudisha betri. Namba za zamani zifute kwa mashine. Usipokuwa nayo, kule kuondoa betri kwa Toyota nyingi kunazifuta. Injini inaweza kuunguruma vibaya kidogo siku ya kwanza huku kompyuta ikijifunza upya, na yale mafuta ya kutu yatafuka moshi dakika chache. Usiogope. Endesha hadi mji wa Nebbi na kurudi, mchanganyiko wa mwendo wa mjini na wa barabara kuu. Kisha mwombe fundi wako akuonyeshe kwenye mashine volti ya sensa ya kwanza injini ikiwa moto. Kwa ile ya 89465 utaiona ikipanda na kushuka bila kutulia kati ya 0.1 na 0.9. Ile ya 89467 haionyeshi hivyo, kwake mwombe akuonyeshe marekebisho ya petroli. Yakiwa ndani ya asilimia kumi, kwa kuongeza au kupunguza, injini yako iko sawa.

Jambo la mwisho, kwa sababu najua litakuja. Ikitokea taa ikawaka baadaye na namba P0420, inayosema katalaiza haisafishi moshi vya kutosha, mtu atakuambia katalaiza imeziba, aikate, atoe masega, na pengine akulipe kidogo. Usikubali kabla ya kupima. Ndani ya masega hayo mna platinamu, paladi na rodi, madini ambayo watu hawayakusanyi bure, na ukishayatoa sensa ya pili haitanyamaza tena hata uifunge mpya kila mwaka. Tafuta kwanza bomba lililopasuka kabla ya sensa. Ufa mdogo tu unavuta hewa, na hewa hiyo inaidanganya sensa kuwa petroli ni haba. Ufa huo fundi wa kuchomelea anauziba kwa dakika ishirini.

Ukishapima zile fyuzi, niandikie ulichokuta kabla hujatuma shilingi yoyote.